Kuanza kutumia mashine ya CPAP: mwongozo kamili kwa mtu aliyegunduliwa kuwa pumzi yake hukatika usingizini

Daktari anapomweleza mgonjwa kwamba pumzi yake hukatika usingizini na kwamba atahitaji kulala na mashine ya CPAP, yaani ya kupuliza hewa kooni, kwa kawaida maelezo hayo huchukua dakika chache, kisha mgonjwa hurudi nyumbani na sanduku lenye mashine, mpira, barakoa na kijitabu kigumu kueleweka. Wengi wanaoiacha tiba hii huiacha katika wiki za mwanzo. Mara nyingi kinachowashinda si mashine yenyewe, bali ni barakoa isiyokaa vizuri, pua iliyoziba au hofu ambayo hakuna aliyekaa nao kuizungumza. Mambo hayo hurekebishika, na ndiyo maana nimeyapa nafasi kubwa kuliko mengine katika mwongozo huu, unaofuata mpangilio wa siku zenyewe tangu kabla ya kununua mashine hadi tiba inapozoeleka.

Elewa kwanza mashine inafanya kazi gani

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye tatizo hili, ulimi na nyama laini za koo huangukia nyuma na kuziba njia ya hewa, kwa sehemu au yote. Kifua huendelea kuhangaika kuvuta hewa isiyopita, oksijeni katika damu hushuka, na ubongo hushtuka kwa muda mfupi ili koo lifunguke, mara nyingi bila mwenyewe kukumbuka lolote asubuhi. Tukio huhesabiwa likidumu sekunde 10 au zaidi, na idadi ya matukio kwa saa moja ya usingizi ndiyo huandikwa kwenye majibu kwa herufi AHI. Kwa mtu mzima, kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni tatizo dogo, kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni la wastani, na kuanzia 30 kwenda juu ni kali. Tafuta namba yako kwenye majibu na uikumbuke, kwa sababu utailinganisha na namba ambayo mashine itakuwa ikikuonyesha.

CPAP huvuta hewa ya kawaida ya chumbani, huichuja, na kuipuliza kupitia mpira na barakoa kwa shinikizo linalozuia koo kujifunga. Shinikizo hilo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hufanya kazi kati ya 4 na 20. Njia hii ilibuniwa mwaka 1980 huko Sydney, Australia, na Profesa Colin Sullivan na wenzake, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa tundu shingoni ili apate kupumua usiku.

Nasisitiza jambo moja ambalo familia nyingi hulielewa vibaya: hii si mashine ya oksijeni. Tangu janga la UVIKO-19, watu wengi wakiona barakoa yenye mpira usoni mwa mtu humfikiria mgonjwa mahututi, na hofu ya mke, mume au watoto huweza kumfanya mgonjwa aifiche mashine au aivae kwa aibu. Waeleze watu wa nyumbani kabla ya usiku wa kwanza kwamba hewa inayotoka ni ileile wanayoivuta wao, ila inasukumwa kwa nguvu kidogo.

Ni vyema pia kujua mipaka ya tiba. CPAP haiponyi tatizo, na usiku usiovaa barakoa koo litaziba kama zamani. Mambo yanayotarajiwa kuboreka ni usingizi wa mchana, kukoroma, uwezo wa kumakinika na, kwa wengi, shinikizo la damu kwa kiasi kidogo. Kuhusu moyo, ukweli usemwe: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusu watu waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba CPAP ilipunguza mashambulio mapya, ingawa washiriki walipata nafuu ya usingizi wa mchana. Washiriki hao walivaa barakoa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa hiyo usiache dawa za presha au za kisukari kwa kuwa umepata mashine; dozi hubadilishwa na daktari baada ya vipimo.

Kabla ya kulipa

Omba nakala kamili ya kipimo chako cha usingizi na maandishi ya daktari yanayotaja aina ya mashine, shinikizo au mipaka yake, na kama chombo cha unyevu (cha maji ya kulainisha hewa) kinahitajika. Zipo mashine zinazopuliza kwa shinikizo moja usiku kucha, na zipo zinazojirekebisha zenyewe kati ya kiwango cha chini na cha juu kilichowekwa. Kwa mgonjwa asiye na maradhi mengine, aina hii ya pili humrahisishia kuanza akiwa nyumbani. Mtu mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, maradhi sugu ya mapafu, historia ya kiharusi, au anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini asichaguliwe mashine na muuzaji wa dukani, kwa sababu pumzi yake inaweza kukatika kwa sababu itokanayo na ubongo wala si koo, na tiba yake ni nyingine.

Muulize muuzaji maswali yafuatayo na upate majibu kabla fedha haijatoka mkononi. Je, barakoa isiponifaa mtaibadilisha? Vichujio na mito ya barakoa hii (sehemu laini inayogusa uso) vinapatikana hapa nchini, au kila kimoja kitaagizwa nje? Nani atasoma takwimu za mashine yangu baada ya mwezi? Muuzaji asiye na jibu la swali la kwanza si wa kununua kwake, hata kama bei yake ni nafuu, kwa kuwa barakoa ya kwanza mara nyingi siyo itakayokufaa. Kama una bima, pata jibu la bima yako kwa maandishi kabla ya kununua, kwani kulipwa baadaye kwa risiti ni jambo lisilo na uhakika.

Mashine nyingi hufika Afrika Mashariki zikiwa zimetumika, zimetumwa na ndugu walio Ulaya au Marekani au zimenunuliwa mtandaoni. Si kosa kutumia mashine ya namna hiyo, lakini ina masharti. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mamilioni ya mashine zake zirudishwe, zikiwemo nyingi za DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele iliyokuwa ndani iliweza kumeguka na kuingia katika njia ya hewa. Mashine ya aina hiyo ambayo haikutengenezwa upya na kampuni usiipokee, hata ya zawadi. Kwa mashine nyingine yoyote, angalia saa ilizofanya kazi, badilisha kichujio, nunua mpira na barakoa mpya, na hakikisha shinikizo la mwenye nayo wa awali limefutwa na la kwako limewekwa na mtaalamu. Barakoa iliyotumika na mtu mwingine usiichukue.

Chagua barakoa kama unavyochagua kiatu

Hapa ndipo tiba inaposhinda au kushindwa. Barakoa ziko za aina tatu kuu: inayofunika pua tu, inayokaa kwenye matundu ya pua kwa mito midogo ya silikoni, na inayofunika pua pamoja na mdomo. Watu wengi wa kwetu hupewa moja kwa moja ile ya pua na mdomo kwa dhana kwamba kubwa ndiyo salama. Kwa maoni yangu, anayeweza kupumua kwa pua aanze na ya pua, kwa kuwa ina eneo dogo la kuvuja, hukaza uso kidogo, na mara nyingi huhitaji shinikizo dogo zaidi. Ile inayofunika mdomo iachiwe mtu ambaye pua yake imeziba daima au mdomo wake hufunguka usiku kucha licha ya juhudi nyingine.

Kipimo cha ukubwa hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na hata kati ya barakoa mbili za kampuni moja, kwa hiyo kuwa wa ukubwa wa kati kwenye moja hakumaanishi chochote kwenye nyingine. Pua pana haikai vizuri katika mto mwembamba. Ukiambiwa kwamba ukubwa uliopo dukani ni mmoja, ondoka. Jaribu barakoa ukiwa umelala, mashine ikiwa imewashwa kwa shinikizo lako halisi, kisha geuka ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu uso hubadilika umbo unapolala, na barakoa iliyokaa vizuri mtu akiwa ameketi huanza kuvuja kichwa kinapogusa mto wa kulalia.

Kosa linalofanywa zaidi ni kukaza mikanda. Mto wa silikoni umetengenezwa ujazwe na hewa na kuelea juu ya ngozi; ukikazwa sana hujikunja, hewa huanza kutoka pembeni, mgonjwa hukaza zaidi, na asubuhi huamka na kidonda juu ya pua. Njia iliyo sahihi ni kulala, kuwasha mashine, kulegeza mikanda yote, kuivuta barakoa mbele kidogo ili mto ujae hewa, kuiachia ikae yenyewe, kisha kukaza pande zote mbili kwa usawa hadi uvujaji ukome na si zaidi. Kidole kiweze kupita chini ya mkanda. Hewa inayotoka mfululizo kupitia matundu madogo ya mbele ya barakoa si hitilafu: ni njia ya kutolea hewa uliyokwisha kuipumua, na kamwe isizibwe kwa plasta wala shuka.

Nywele nazo zina sehemu yake. Mwenye rasta, nywele za kusuka au kilemba cha kulalia atafute barakoa ambayo mikanda yake haipiti juu ya fundo, au asuke mtindo unaolala chini nyuma ya kichwa, la sivyo mkanda utateleza kila usiku. Mwenye ndevu nyingi atapata shida na barakoa inayofunika mdomo, wakati ile ya matundu ya pua humfaa zaidi. Kwa ngozi nyeusi, msuguano huacha alama nyeusi zinazochukua miezi kufifia, hivyo wekundu au maumivu ya siku ya kwanza yachukuliwe hatua siku hiyohiyo. Usijipake mafuta ya mgando mahali barakoa inapogusa, kwani huifanya iteleze na huharibu mto. Osha uso kwa sabuni kabla ya kulala, na kama unapaka losheni, ipake asubuhi.

Barakoa nyingi za siku hizi zina vifungo vya sumaku. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu za chuma kichwani kutokana na upasuaji wa mishipa ya ubongo, au kifaa kingine kama hicho mwilini, na pia mwenza anayelala naye akiwa na kifaa hicho, atumie barakoa isiyo na sumaku.

Andaa chumba

Weka mashine kwenye meza au stuli iliyo chini kidogo ya usawa wa kitanda, mbali na pazia na ukuta, ili ivute hewa bila kuzuiwa na ili maji yakitokea kwenye mpira yarudi chini badala ya kukumiminikia usoni. Kama unalala ndani ya chandarua, mashine ikae nje, mpira upitishwe chini ya ukingo wa neti upande wa kichwani, na ukingo uchomekwe tena chini ya godoro pande zote mbili za mpira. Mpira wa kawaida una urefu wa karibu mita 1.8, kwa hiyo pima kabla ya kuamua mahali pa stuli.

Kumbuka kwamba chochote kilicho katika hewa ya chumba kitapelekwa moja kwa moja mapafuni mwako. Kichujio hukamata vumbi lakini hakizuii moshi wala harufu. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe katika chumba kimoja na mashine. Anayepuliza dawa ya wadudu apulize mapema, afungue madirisha na asubiri hewa isafike. Nyumba za pwani ambako udi hufukizwa chumbani jioni, ufukizwe mashine ikiwa imezimwa na kufunikwa, na chumba kipate muda wa kupungwa na upepo. Jiko la mkaa halitakiwi kuingia chumba cha kulala kwa hali yoyote, uwe na mashine au usiwe nayo.

Chombo cha unyevu hupasha maji na kuifanya hewa isikaushe pua na koo. Maji yanayofaa ni yale yaliyokenekwa (distilled water), kwa kuwa hayana madini yanayoganda na kuwa magamba chini ya chombo. Yasipopatikana, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa yanaweza kutumika kwa muda, mradi ujue kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na maji ya visima vya pwani yana chumvi nyingi. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta usiyatumie: hayakutengenezwa yavutwe na mtu, na asidi ya betri huuzwa mahali palepale katika chupa zinazofanana nayo. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa tayari ina unyevu, anaweza kuona kiwango cha chini kabisa kinamtosha. Wa Njombe au Limuru, au wa Muscat anayelala na kiyoyozi, atahitaji zaidi.

Jizoeze ukiwa macho

Usisubiri usiku. Siku mbili au tatu kabla ya usiku wa kwanza, au hata mchana wa siku hiyohiyo, keti sebuleni ushike barakoa kwa mkono usoni bila mikanda, mashine ikipuliza, ukisikiliza redio au kutazama taarifa ya habari. Pumua kwa pua, mdomo ukiwa umefungwa. Ukizoea, funga mikanda. Ukiweza kukaa nayo nusu saa bila kuihangaikia, lala nayo kitandani ukiwa macho, kisha ulale nayo usingizi mfupi wa mchana.

Ukishindwa kuvumilia kufunikwa uso, usijilaumu wala usijilazimishe. Rudi hatua moja nyuma, dakika 5 kwa wakati, mara kadhaa kwa siku, na usiongeze muda hadi hatua uliyopo isikutishe tena. Katika mazoezi hayo jifunze pia kuvua barakoa gizani kwa mkono mmoja. Hofu ya kunaswa hupungua sana mtu akishajua kwamba anaweza kutoka kwa sekunde moja.

Usiku wa kwanza

Panda kitandani ukiwa umechoka kwa kiasi chako cha kawaida, bila pombe na bila dawa ya usingizi ambayo daktari wako haijui, kwani vyote viwili hulegeza koo zaidi. Kama pua ina mafua, isafishe kwa maji ya chumvi ya puani yanayouzwa katika maduka ya dawa. Washa sehemu ya kupandisha shinikizo taratibu, ili mashine ianze kwa upepo mdogo na kufikia kiwango chako baada ya muda. Hata hivyo, anayehisi kwamba upepo wa mwanzo ni mdogo mno na anakosa hewa aongeze shinikizo la kuanzia au aizime sehemu hiyo. Ukosefu huo wa hewa huwapata wengi, nao huufasiri kuwa mashine imewashinda.

Dakika za mwanzo utahisi kwamba kutoa pumzi kunahitaji nguvu kidogo. Usishindane na upepo kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa. Pumua polepole na uache mwili upate mwendo wake. Mashine nyingi zina sehemu inayopunguza shinikizo unapotoa pumzi, ambayo inaweza kuwashwa na aliyekupa mashine. Ukiamka usiku na kukuta upepo umekuwa mkali, zima na uwashe upya ili uanze kwa shinikizo dogo. Ukikuta umeivua barakoa usingizini, ivae tena bila kujikasirikia. Ukikosa usingizi kabisa kwa nusu saa, inuka, pumzika kidogo, kisha rudi na barakoa yako.

Baadhi ya watu huamka asubuhi ya kwanza wakiwa wapya, wengi hawaoni tofauti, na wachache hulala vibaya kuliko kawaida. Usiku mmoja hauamui lolote. Jipe lengo la saa chache, uongeze kila usiku, huku ukijua kwamba mazoea ya wiki ya kwanza ndiyo mara nyingi huendelea, na kwamba tiba hufanya kazi kwa saa ulizovaa tu. Sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, ambayo ndiyo huwa na matukio mabaya zaidi kwa wengi, huja zaidi kuelekea alfajiri, kwa hiyo anayevua barakoa saa tisa usiku huikosa tiba wakati anapoihitaji mno. Katika mwezi wa Ramadhani, anayerudi kulala baada ya daku na sala ya alfajiri aivae tena, na vilevile anayelala mchana.

Wiki za mwanzo

Shughulikia tatizo moja kwa wakati, na ubadilishe kitu kimoja kwa usiku, ili ujue kilichosaidia. Mdomo mkavu asubuhi kwa kawaida una maana kwamba mdomo unafunguka na hewa inatorokea hapo; ongeza unyevu, tibu pua iliyoziba, jaribu mkanda wa kidevu, na ndipo ufikirie barakoa inayofunika mdomo. Kuuziba mdomo kwa plasta sikushauri kwa mtu yeyote anayeanza. Macho makavu au yanayowasha huonyesha kwamba hewa inavuja juu ya pua. Maji yakigugumia ndani ya mpira, chumba ni baridi kuliko hewa inayopita ndani yake: punguza unyevu, vika mpira kitambaa au uupitishe chini ya blanketi.

Tumbo kujaa hewa na kucheua asubuhi hutokana na kumeza hewa. Kulala ubavu wa kushoto, kuinua kichwa na kutokula chakula kizito usiku husaidia, lakini ikiendelea, shinikizo huenda likahitaji kupunguzwa, na hilo ni la daktari. Pua inayotiririka kila usiku huenda ikahitaji dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe. Epuka kutumia vile vitone vya dukani vya kuzibua pua kwa zaidi ya siku chache, kwani hatimaye huziba pua zaidi.

Mwone daktari bila kuchelewa ukipata damu nyingi puani, maumivu ya sikio au ya sinasi (mianya iliyo ndani ya mifupa ya uso) pamoja na homa, kifua kubana, au usingizi wa mchana unaozidi. Na kwa wale wanaoendesha basi, lori, bodaboda au mashine za kiwandani, nasema kwa uzito wote: usirudi barabarani kwa kuwa umenunua mashine, rudi pale usingizi wa mchana utakapokuwa umekwisha na daktari wako akaridhika.

Kusoma takwimu za mashine

Mashine nyingi huonyesha asubuhi saa ulizovaa, kiwango cha kuvuja na AHI iliyobaki. Anza na saa, kisha uvujaji, na mwisho AHI, kwa sababu hewa ikivuja sana mashine haiwezi kuhesabu vizuri. AHI iliyo chini ya 5 ndiyo lengo la kawaida. Namba ya usiku mmoja isikutie hofu. Angalia mwelekeo wa wiki. Ikibaki juu ya 10 baada ya wiki kadhaa wakati hewa haivuji, peleka kadi ya kumbukumbu au taarifa ya programu ya simu kwa daktari. Kwa baadhi ya wagonjwa CPAP huzibua koo lakini matukio yanayotokana na ubongo hujitokeza. Mengi huisha yenyewe kwa miezi michache, mengine huhitaji mashine tofauti. Ndugu walio Marekani wajue kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko, huangalia takwimu hizi, ikitaka angalau saa 4 kwa usiku katika asilimia 70 ya usiku ndani ya siku 30 mfululizo, katika miezi 3 ya kwanza.

Umeme unapokatika

Wengi huuliza kama watakosa hewa umeme ukikatika. Barakoa zina matundu ya kutolea hewa, na zile zinazofunika mdomo zina kilango kinachofunguka mashine ikizimika. Utaamka kwa usumbufu, utaivua na utalala bila tiba. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, inafaa kuwa na akiba. Adapta za mashine nyingi hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Marekani haihitaji transfoma, bali plagi inayofaa na kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, kama vile vya friji.

Kinachokula umeme ni kupasha maji na mpira. Vikizimwa, mashine nyingi hutumia chini ya wati 30. Chukua mfano wa mashine inayotumia wati 15 kwa saa 8: inahitaji wati-saa 120. Betri ya sola ya volti 12 na ampia-saa 50 ina wati-saa 600, na kwa betri ya asidi usitumie zaidi ya nusu yake, yaani 300, ambazo ni usiku mbili. Unganisha kwa kebo maalumu ya mashine yako badala ya inveta, kwani inveta hupoteza sehemu ya nguvu, na uangalie volti kwa makini: baadhi ya mashine hutumia volti 12 na nyingine 24, na fundi asiyejua tofauti hiyo anaweza kuiunguza.

Usafi, safari na hospitali

Kila asubuhi mwaga maji yaliyobaki, osha mto wa barakoa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya maji, na uuache ukauke kivulini. Mara moja kwa wiki osha mpira, mikanda na chombo cha maji. Usitumie klorini, spiriti wala mashine za kusafishia kwa gesi ya ozoni, ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuzihusu mwaka 2020. Kichujio cha karatasi hakioshwi, hubadilishwa. Palipo na vumbi jingi usingoje mwezi uishe.

Katika ndege, mashine ibaki nawe badala ya kuingia kwenye mizigo ya chini, chombo cha maji kikiwa kikavu. Betri ya lithiamu isizidi wati-saa 100, au iombewe ruhusa ya shirika la ndege ikiwa kati ya 100 na 160.

Ukipangiwa upasuaji wowote, mwambie daktari wa nusukaputi mapema kwamba pumzi yako hukatika usingizini, na uende na mashine pamoja na barakoa yako mwenyewe, kwa kuwa dawa za nusukaputi na za maumivu hulegeza koo hata baada ya mtu kuzinduka. Andika shinikizo lako, aina ya mashine na ukubwa wa barakoa kwenye karatasi, uiweke ndani ya mfuko wa mashine, na umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani namna ya kukuvisha.